Kubadilisha breki shuu za nyuma za pikipiki mwenyewe, mwanzo hadi mwisho

Mara ya kwanza kujibadilishia breki shuu, vile vipande viwili vya nusu duara vinavyotanuka ndani ya tairi ili kulisimamisha, raha yangu ilidumu siku tatu. Siku ya nne nilikuwa nashuka kilima cha Makongo Juu na gunia la mkaa nyuma. Nikakanyaga pedali. Ikashuka kidogo, ikagota, ngumu kama ya pikipiki iliyotoka dukani. Pikipiki ikaendelea kwenda. Nilisimamishwa na breki ya mbele na gia ya kwanza, miguu inatetemeka. Nyumbani nilipofungua tairi nikakuta dramu, ule mviringo wa chuma katikati ya tairi unaosuguliwa na breki shuu, inang'aa kama sufuria ya pilau: grisi. Nilikuwa nimeipaka kwenye kemu, chuma kinachotanua breki shuu, kwa kidole kizima, nikidhani nazidisha wema. Dramu ilipopata joto grisi ikayeyuka, ikatambaa, breki shuu za siku tatu zikawa takataka.

Nasimulia haya kwa sababu kijiweni kazi hii hufanywa kwa robo saa: fungua, toa, weka, funga, lete hela. Kutoa za zamani na kuweka mpya kweli ni dakika tano. Breki inayoshika, hata hivyo, inategemea vitu vitatu vinavyorukwa: ukuta wa dramu, kemu, na namna bamba la breki, kile kifuniko cha dramu kinachobeba breki shuu, linavyokaa katikati. Hivyo ndivyo nitakavyokaa navyo sana humu. Nazungumzia tairi la nyuma la pikipiki zetu hizi za kawaida, Boxer, TVS, zile za Kichina za familia ya CG. Tairi la mbele nitaligusa mwishoni.

Kujua kama zimeisha

Angalia kwanza nati ya kurekebishia iliyo mwisho wa fimbo ya breki. Kama imeingia mpaka mwisho wa nyuzi na pedali bado inashuka sana, zimeisha. Kisha mwambie mtu akukanyagie pedali, wewe uchungulie mkono wa breki, kile chuma kifupi kinachovutwa na fimbo. Breki ikiwa imekanyagwa, fimbo na mkono vinatakiwa kufanya pembe ya mraba au pungufu kidogo. Mkono ukishavuka hapo, nguvu za mguu wako zinapotea njiani hata ukanyage kwa mwili mzima. Pikipiki nyingi pia zina kishale kidogo kwenye shina la mkono huo na alama kwenye bamba: breki ikikanyagwa kishale kikafika kwenye alama, muda umeisha.

Mlio wa kukwaruza chuma kwa chuma si dalili tena. Hapo alumini ya breki shuu inakula dramu, na dramu ni sehemu ya habu, kile kitovu cha tairi. Utanunua habu.

Hapa Dar zinaisha haraka kuliko inavyosemwa kwenye kitabu cha pikipiki. Mchanga wa barabara za mitaani Goba na Kigamboni unaingia ndani ya dramu na kufanya kazi ya msasa. Masika na vuli tunapita kwenye maji yanayofika ekseli, Jangwani mnaijua. Na anayebeba mshikaki, abiria wawili au zaidi kwa mpigo, kila siku asishangae.

Kununua

Ukienda Kariakoo, beba breki shuu ya zamani mfukoni. Bila hivyo utaulizwa "pikipiki gani, bosi?", utataja, utapewa, na ukiuliza kama inaingia jibu ni moja tu: "Inaingia, bosi." Wakati mwingine inaingia kwa nyundo. Dramu za pikipiki hizi kwa kawaida zina kipenyo cha milimita 110 au 130, lakini vipenyo vikilingana haimaanishi breki shuu zinalingana. Upana hutofautiana, tundu la pini hutofautiana, na sehemu inayokaa kwenye kemu hutofautiana. Zilaze moja juu ya nyingine hapo hapo kaunta. Zikipishana popote, rudisha.

Kagua gundi inayoshika kitambaa cha breki, ile sehemu inayosugua dramu, kwenye alumini. Pitisha ukucha ukingoni pande zote. Kusiwe na mwanya wala mahali panapoinuka. Kitambaa kikibanduka ukiwa barabarani kinaweza kujikunja ndani ya dramu na kufunga tairi. Nunua zenye springi mpya, maana springi iliyochoka hairudishi breki shuu vizuri, zinabaki zinagusa na kupasha dramu joto. Nunua kota pini mbili, zile pini za kukunja zinazozuia nati isifunguke. Ni vitu vya hela ndogo sana, na bado watu wanarudishia zile zilizokunjwa mara nne.

Uwe pia na spana za nati ya ekseli (kwa kawaida kati ya 17 na 24, pima yako kabla hujaanza), spana 10, 12 na 14, plaizi, nyundo na kipande cha mbao, msasa namba 80 au 100, grisi ya kuhimili joto, na kitambaa kisicho na mafuta. Narudia: kisicho na mafuta.

Kufungua

Subiri injini na dramu vipoe. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa mahali pa sakafu ngumu. Kwenye mchanga stendi inazama upande mmoja ukiwa umeshatoa tairi. Chukua simu upige picha upande wa kushoto na wa kulia wa ekseli, na nyingine ya bamba la breki. Picha hizo zitakuokoa saa mbili baadaye, ukiwa na washa, ile pete bapa ya chuma, mkononi usiyoijua kwao.

Fungua nati ya fimbo ya breki mpaka itoke. Chomoa fimbo, na ile springi yake na kipini cha mviringo vikidondoka virudishe kwenye fimbo hapo hapo, ufungie nati. Kisha tafuta chuma kinachounganisha bamba la breki na uma wa nyuma. Kazi yake ni kuzuia bamba lisizunguke na tairi. Toa kota pini, fungua nati, kiachie. Pikipiki chache hazina chuma hicho, badala yake bamba lina mfereji unaokaa kwenye nundu ya uma.

Legeza vikaza cheni pande zote mbili, ukihesabu umezungusha mara ngapi. Fungua nati ya ekseli. Ikigoma usipige nyundo kwenye spana. Tia bomba kwenye mpini wa spana upate urefu. Gonga ekseli kupitia kipande cha mbao ili usiharibu nyuzi, halafu ivute kwa upande wa pili huku mkono mmoja umeshika tairi. Bushi na washa zitaanguka. Zipange chini kwa mfuatano wake, kushoto kushoto, kulia kulia.

Kwa baadhi ya pikipiki sproketi hubaki mahali pake na cheni yake, tairi linachomoka peke yake. Kwa nyingine sproketi imefungwa kwenye habu, hivyo sukuma tairi mbele, shusha cheni, kisha litoe. Raba za habu zikidondoka usistuke, zirudishe kwenye vyumba vyake. Zikiwa zimelegea na kusagika, hii ndiyo siku ya kuzibadilisha.

Bamba la breki litatoka kwa kuvutwa kwa mkono. Likigoma, sababu mara nyingi ni ukingo uliojitokeza kwenye mdomo wa dramu, breki shuu zimejichimbia ndani. Hakikisha mkono wa breki umerudi nyuma kabisa, kisha tikisa huku unavuta.

Vumbi

Hapa nina ugomvi na karibu kila gereji niliyowahi kukaa. Fundi anafungua dramu, anaielekeza usoni, anapuliza. Au anawasha kompresa, wingu jeusi linatanda, sote tunalivuta. Breki shuu za zamani na baadhi ya zile za bei ya kutupa zinaweza kuwa na asbestosi, na asbestosi huleta saratani ya mapafu. Kwa kuangalia huwezi kuitambua. Lowesha vumbi kwa maji ya sabuni, futa kwa kitambaa, kitambaa tia kwenye mfuko ufunge. Watoto wasikae karibu.

Dramu

Ioshe, ikaushe, ipeleke kwenye mwanga. Pitisha kidole kwenye ukuta wa ndani. Mistari midogo inayosikika kidogo tu ni ya kawaida. Mifereji inayokamata ukucha ni mibaya. Ukingo mrefu kwenye mdomo unaonyesha dramu imelika. Mara nyingi ndani ya habu kumeandikwa neno MAX na namba: dramu ya milimita 110 kwa kawaida huruhusiwa kufika 111, ya 130 kufika 131. Milimita moja tu. Ikishapita, breki shuu mpya itagusa katikati yake peke yake, kwa sababu duara lake ni dogo kuliko la dramu, na breki haitakuwa na nguvu hata ukiweka ya orijino.

Ukuta unaong'aa kama kioo una ngozi ngumu iliyotokana na joto. Ukwangue kwa msasa ukienda mshazari, si kufuata mzunguko, mpaka rangi iwe ya kijivu kilichofifia sawasawa. Kama kulikuwa na mafuta, osha kwanza kwa petroli kidogo nje, mbali na jiko na sigara, kisha maji ya sabuni, kisha msasa. Jiulize pia mafuta yalitoka wapi. Kwetu mara nyingi ni ile oili chafu ya injini tunayoimwaga kwenye cheni, inarushwa na sproketi. Au sili ya beringi imekatika na grisi ya beringi inavuja. Usipoziba chanzo utarudi hapa wiki ijayo.

Ukiwa hapo, tia kidole ndani ya beringi uzungushe. Ikikwaruza au ikicheza, badilisha.

Breki shuu za zamani na kemu

Shika breki shuu zote mbili pande zake, zikunje kuelekea juu kama unafunga kitabu. Zitatoka pamoja na springi. Usichokonoe springi kwa bisibisi, ndiyo inayorukia macho. Zitazame: kitambaa kipya huwa na unene wa karibu milimita 4, na kikifika 2 ni cha kubadilisha. Utaona moja imelika kuliko nyingine. Si kosa. Moja hubebwa na mzunguko wa dramu, inajikaza yenyewe na kufanya kazi kubwa, mwenzake inasukumwa nyuma. Lakini hubadilishwa zote mbili daima.

Sasa kemu, kile kichwa bapa ambacho mkono wa breki unakizungusha ili kitanue breki shuu. Jaribu kuzungusha mkono kwa vidole. Ukiwa mzito, au ukienda lakini ukichelewa kurudi, kuna kutu na grisi iliyokauka ndani ya tundu. Kwa pikipiki iliyopita kwenye maji hilo ni karibu hakika. Tafuta nukta au mstari uliochorwa kwenye kichwa cha shina la kemu na mwingine kwenye mkono. Kama hauonekani, chora wako kwa bisibisi kabla hujalegeza chochote. Fungua bolti ya mkono, utoe, toa kishale, chomoa kemu kwa ndani. Isugue kwa msasa laini mpaka ing'ae, safisha tundu, sugua pia pini isiyozunguka ya upande wa pili.

Grisi: chukua kiasi cha punje ya maharage. Paka shina la kemu, kisha futa kwa kidole ubaki utelezi tu. Paka uso bapa wa kemu na ile pini, utando mwembamba usioonekana rangi. Ukiona donge, umezidisha. Gunia la mkaa la Makongo linakusalimu.

Rudisha kemu, kishale na mkono, alama kwa alama. Hapa kuna ujanja wa kijiweni ambao lazima niuseme. Breki shuu zikikaribia kuisha, fundi anatoa mkono, anausogeza jino moja nyuma, pedali inapanda, mteja anafurahi. Kinachotokea ndani ni kwamba kemu inaanza safari yake ikiwa imeshageuka nusu. Siku moja unakanyaga kwa nguvu, kemu inasimama wima kabisa au inapinduka, breki shuu zimetanuka na haziwezi kurudi. Tairi la nyuma limefunga, nawe uko kwenye Barabara ya Mandela mbele ya lori la kontena. Sasa weka breki shuu mpya kwenye mkono uliosogezwa: hata kabla hujakanyaga zitakuwa zimetanuka na dramu haitaingia. Ukikutana na hali hiyo usizisage breki shuu kwa msasa ili ziingie, kama nilivyoona mtu akifanya. Angalia alama.

Kuweka mpya

Nawa mikono kwa sabuni. Kama una grisi kucha nzima, shika breki shuu kwa karatasi safi. Pitisha msasa mara mbili tatu juu ya kitambaa kuondoa ule utelezi wa kiwandani, na lainisha kidogo ncha zote mbili ziwe mshazari. Ncha kali ndiyo hulia kama mbuzi kila ukisimama.

Funga springi zote mbili kwenye breki shuu zikiwa chini, ndoano zikielekea kama zilivyokuwa kwenye picha yako. Zikunje tena kama kitabu, zikalishe upande wa pini, kisha upande wa kemu, halafu zisukume chini kwa viganja mpaka zilale. Zitaingia kwa kishindo kidogo, kwa hiyo vidole visiwe katikati. Zungusha mkono wa breki: zote mbili zitanuke na zirudi mara moja.

Bamba liingie kwenye dramu kwa kusukumwa na mkono. Rudisha tairi, bushi na washa kwa mfuatano wake, cheni, ekseli. Kaza nati ya ekseli kwa vidole tu.

Kile chuma cha kuzuia bamba kifunge sasa hivi, nati na kota pini mpya, kabla hujanywa hata maji. Kikisahaulika, mara ya kwanza ukikanyaga breki bamba litazunguka na tairi, litasokota fimbo, na tairi litafunga. Katika kazi hii nzima hakuna kosa baya kuliko hilo.

Rudisha fimbo. Kaza nati ya kurekebishia mpaka breki ishike. Sasa kanyaga pedali kwa nguvu, mtu aishikilie hivyo hivyo, na wewe ukaze nati ya ekseli kwa spana huku breki imeshikilia. Breki shuu zikibana dramu, bamba zima linajivuta na kukaa katikati kabla ekseli haijalifunga. Nilifundishwa na mzee mmoja wa Manzese ambaye hakuniambia sababu, alisema tu, "Kijana wangu, ikanyage kwanza." Usipofanya hivyo sehemu moja ya kitambaa inagusa na nyingine inaelea, na pedali inakuwa laini kama sponji.

Kabla ya kukaza kabisa hakikisha cheni ina mchezo wa milimita 20 hadi 30 katikati, na alama za vikaza cheni zinalingana kushoto na kulia.

Kurekebisha pedali

Achia pedali, ilegeze nati mpaka tairi lizunguke huru. Mlio hafifu sehemu moja hauna neno. Pedali iwe na mchezo wa milimita 20 hadi 30 kabla breki haijaanza kushika, upana wa vidole viwili hivi. Nati ya fimbo ina mfereji wa nusu duara unaokumbatia kile kipini cha mviringo. Ukae sawasawa, la sivyo itajilegeza yenyewe. Washa swichi, taa ya breki iwake breki inapoanza kushika. Isipowaka au ikiwaka muda wote, zungusha nati ya swichi ya breki, si swichi yenyewe; waya zitakatika.

Kuzifunza

Breki shuu mpya hazishiki vizuri siku ya kwanza. Nenda barabara tulivu asubuhi mapema, fika mwendo wa kilomita 30 kwa saa, kanyaga taratibu mpaka 10, achia, endelea kidogo zipoe, rudia. Mara 15 au 20 zinatosha kuanzia. Usizikokote mteremko mzima ukidhani unazifunza. Utazichoma na kurudisha ile ngozi ya kioo. Ukirudi sogeza kiganja karibu na habu bila kugusa. Vuguvugu ni sawa. Ikikuchoma kwa mbali, umebana sana.

Abiria na mizigo wasubiri siku mbili tatu. Baada ya kilomita 100 hadi 200 mchezo wa pedali utaongezeka, kwa kuwa kitambaa kimeshakaa kwenye dramu. Rekebisha, kagua nati ya ekseli na kota pini. Na ukipita kwenye maji, kanyaga kidogo kidogo ukiwa unakwenda mpaka usikie breki imerudi.

Tairi la mbele ni yale yale isipokuwa mambo mawili. Kuna waya wa spidomita wa kuchomoa kwenye bamba, na bamba lina mfereji unaopaswa kukaa kwenye nundu ya shokapu. Chungulia mpaka uone umeingia. Mchezo wa mkono wa breki ulio kwenye usukani ni milimita 10 hadi 20.

Zile breki shuu za zamani zioshe kwa maji ya sabuni, chagua moja iliyo nzima zaidi, ifunge kwenye mfuko uiweke na spana zako. Ndiyo ya kwenda nayo Kariakoo safari ijayo.